Nisini

Nisini ni peptidi ya asidi amino 34 inayotengenezwa na *Lactococcus lactis*, bakteria anayegandisha maziwa, na huua hasa bakteria wa Gramu chanya. Hujishikiza kwenye lipidi II, kijenzi cha ukuta wa seli, kisha hutoboa utando. Nisini ni silaha na pia ishara. Iliyo nje ya seli, hata kwa kiasi kidogo sana, hutambuliwa na protini ya utando NisK, ambayo huipa protini NisR kikundi cha fosfati. NisR nayo huwasha jeni za kutengeneza nisini zaidi, pamoja na zile zinazomkinga mtengenezaji mwenyewe. Hivyo uzalishaji hupanda kadiri bakteria wanavyosongamana. Katika vyakula, hasa jibini, ni kihifadhi chenye namba E234.