Katapila inaponyamaza: historia ya kutafuta ugonjwa wa mashine za barabara

GOMA – Tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka magharibi na lava ikakata barabara ya taifa namba 2 kati ya Goma na Rutshuru. Siku tano baadaye, viongozi waliamuru wakaaji wa sehemu kubwa ya mji waondoke. Familia zilibeba magodoro na watoto, zingine zikaelekea Sake na Minova, zingine Rutshuru, zingine zikavuka mpaka hadi Gisenyi. Wazee walikumbuka Januari 2002, wakati lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwani. Mara zote mbili, ili gari la chakula lipite tena juu ya mawe yale, mikono na majembe havikutosha. Zilihitajika mashine.

Raia wanaijua katapila inapounguruma. Siku inaponyamaza katikati ya kazi, wachache wanajua kwa nini. Mara nyingi chuma hakijavunjika. Ni namba ndogo tu imewaka kwenye kioo mbele ya dereva. Namba hiyo ina historia yake, na anayeisoma vibaya anaweza kufunga barabara kwa wiki nzima.

Zamani za ukoloni, barabara nyingi za Kivu zilichongwa kwa jasho la watu, wengi wao wakilazimishwa. Makantonye, kila mmoja na kipande chake cha barabara, walifukia mashimo kwa jembe na beleshi. Mashine za minyororo zilikuwa zimekwisha kuzaliwa mbali, Marekani. Mwaka 1904 Benjamin Holt alijaribu trakta ya kutembea juu ya minyororo, na mwaka 1925 kampuni yake na ile ya Best ziliungana kuwa Caterpillar. Jina hilo lilishika mno, hata leo kijijini mashine ya kampuni yoyote inaitwa katapila. Baada ya uhuru, mwaka 1971, iliundwa Office des Routes, ambayo imepewa mtandao wa kilometa zipatazo 58,000 kwa nchi nzima. Mtandao mkubwa namna hiyo hauwezi kutunzwa kwa beleshi.

Mashine za wakati huo zilikuwa na maradhi yanayoonekana. Fundi aliweka sikio karibu na mota, akatazama moshi. Moshi mweusi: mazutu ni mengi kuliko hewa, au filta ya hewa imeziba. Moshi wa bluu: mafuta ya kulainisha yanaungua ndani. Moshi mweupe usioisha: mazutu hayaungui vizuri, ama maji yameingia. Bomba la mazutu liliendeshwa na meno ya chuma, bila waya wala kompyuta. Kijana alijifunza kwa kumshikia mzee tochi na funguo, miaka mingi, mpaka sikio lake likazoea.

Mabadiliko yalianza miaka ya 1980. Mwaka 1985 kampuni ya Detroit Diesel ilitoa mota kubwa ambayo kompyuta ndiyo inaamua mazutu yaingie lini na kiasi gani. Mwaka 1986 Bosch ya Ujerumani ilionyesha CAN, njia ya kuunganisha kompyuta nyingi za gari moja kwa waya mbili tu. Kuanzia 1996, sheria za moshi za Marekani ziligusa pia mashine za ujenzi, na viwanda vikalazimika kuweka ubongo wa umeme ndani ya mota. Sheria hizo hazikuandikwa kwa ajili ya Kongo, lakini viwanda vinauza dunia nzima, na mashine zilizotumika kwingine zinaishia pia kwenye njia za huku.

Ubongo huo hauna macho. Unategemea kapteri: vijiti vidogo vinavyopima joto la maji, presha ya mafuta, mwendo wa mota. Kapteri nyingi hupewa umeme wa volti 5 na kurudisha sehemu yake kama jibu. Jibu likitoka nje ya mipaka, ubongo unaandika kode. Katika lugha ya J1939, inayotumiwa na viwanda vingi, kode ina sehemu mbili. Namba ya kwanza inataja kinachopimwa: 100 ni presha ya mafuta ya mota, 110 ni joto la maji ya kupoza mota. Namba ya pili inasema aina ya kosa.

Hapo ndipo wengi wanapotea. Kode 100 ikifuatwa na 1 inasema kwamba kipimo ni cha kuaminika na presha kweli iko chini. Dereva azime mota mara moja, apime mafuta. Akiendelea dakika chache anaweza kuua mota. Lakini 100 ikifuatwa na 3 au 4 inasema umeme wa jibu uko juu mno au chini mno. Huyo si mgonjwa, ni mjumbe ndiye ameumia: waya, plagi au kapteri yenyewe. Hata hivyo, fundi mwenye busara hupima kwanza presha kwa saa ya mkono kabla ya kuruhusu mashine ifanye kazi.

Kosa kubwa ni kukimbilia kununua kapteri mpya. Kode haisemi kapteri imekufa. Inasema njia ile ina shida. Kipimo cha zamani hakihitaji hata kompyuta ya gharama. Chukua kode 110 na 4. Chomoa plagi ya kapteri. Kode ikigeuka kuwa 110 na 3, basi ubongo umeona kwamba njia iko wazi. Waya ni mzima, na kapteri ndiyo mbovu. Ikibaki 4, waya umegusa chuma mahali fulani. Na kama kode ilikuwa 3 toka mwanzo, unganisha matundu mawili ya plagi ya kapteri hiyo ya joto kwa kipande cha waya. Ikigeuka 4, waya ni mzima na kapteri imekatika ndani. Ikibaki 3, tafuta waya uliokatika.

Kode nyingi zikiwaka pamoja, mtu asinunue kapteri nyingi. Mara nyingi zinagawana volti 5 zilezile, na moja iliyoharibika inazivuta zote. Zichomolewe moja moja mpaka zingine zipone.

Katika nchi ya mawe na mvua, adui wa waya ni wengi: mtetemo, matope kwenye plagi, panya, na kuchomelea chuma bila kuchomoa batri na ubongo. Waya uliosuguliwa na jiwe unaweza kusimamisha mashine ya tani ishirini.

Mashine mpya zaidi zinaficha mambo mengi nyuma ya programu za kiwanda. Hata Marekani wakulima walilalamika, na mwaka 2023 jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa mashine za shamba kuwapa wenyewe vifaa na maelezo ya kutengeneza.

Kwa familia iliyoko kwenye hema ikingoja njia ifunguke, mambo haya si ya mafundi peke yao. Mashine ikilala wiki tatu kungoja piyesi ambayo haikuwa mbovu, lori la unga linalala pia, mgonjwa anabebwa mgongoni, na siku ya kurudi nyumbani inasogezwa. Kijana mwenye kipima-volti kidogo, anayejua tofauti ya 1, 3 na 4, anaweza kufupisha siku hizo. Wazee walisikiliza mota kwa sikio. Kazi ni ileile: kuuliza kwanza ni nani mgonjwa, mota au mjumbe, kabla ya kufungua mfuko wa pesa.