Itifaki za Sauti Katika Mtandao

Mwaka wa 1974 sauti ya mtu, iliyokatwakatwa kuwa vifurushi, ilipita katika mtandao wa ARPANET baina ya California na Massachusetts, kwa itifaki aliyoitunga Danny Cohen. Desturi ya mtandao ilikuwa kifurushi kilichopotea kipelekwe tena, na vinavyokifuata vingoje. Kwa barua ni desturi njema. Kwa maongezi ni balaa, maana sikio huivumilia zaidi silabi iliyopotea kuliko neno lililochelewa (jambo ambalo wanafonetiki hawakungoja kuambiwa na wahandisi). Cohen na wenzake waliishikilia hoja hiyo, hata mwaka 1978 itifaki ya TCP, yenye desturi ile ya kungoja, ikatengwa na IP, ambayo kazi yake ni kuchukua tu. UDP ikafuata mwaka 1980: hupeleka, haiulizi. RTP ya mwaka 1996 ilitia nambari na wakati katika kila kifurushi, mpokeaji apate kuvipanga vilivyowahi na kuviacha vilivyochelewa.