Mfereji Kabla ya Ukuta

Mtu ateremkaye Same kutoka Chome au Mbaga, akaupa kisogo ukungu wa Shengena na kuingia katika vumbi la tambarare, hukuta vichochoroni nyumba za udongo ambazo mvua za huko, chache ila zenye ghadhabu, zimezila misingi hata fito za chini zikatokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, ilhali bati lililo juu yake lingali zima.

Mji wenyewe haukuzaliwa na milima. Reli ya kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, ilipita chini, na Waingereza wakaifanya Same makao ya wilaya, ingawa maskani ya Wapare, migomba yao na ndiva zao za kukusanyia maji vilikuwa juu. Januari 1945 walishuka kwa maelfu, wala si kwa kujenga bali kuikataa kodi ya mbiru mbele ya ofisi ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni, wakapiga kambi. Habari hizo tunazo kwa tafsili kwa kuwa Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare na mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizitungia kitabu mwaka 1971.

Chuo, basi, kiliwahifadhia Wapare kumbukumbu. Manufaa ya vyuo kwa nyumba yalidhihirika kwingine, katika mtaa wa Hanna Nassif, Dar es Salaam, miaka ya 1990, mafuriko yalipokuwa yakiingia vyumbani. Wataalamu wa chuo cha Ardhi walishirikiana na wakazi, na kazi haikuanzia kwenye kuta: ilichimbwa mitaro, wenyeji wakitoa mikono, wataalamu wakitoa vipimo na hesabu.

Mpare aonaye hayo hana haja ya kufasiriwa, kwani ni msaragambo ule ule, kazi ya pamoja ya wanakijiji, ambao tangu kale huitwa kwa ajili ya mfereji, ndiva au njia, yaani kwa kilicho cha wote. Ukuta wa nyumba ya kupanga mjini ni wa mtu mmoja, naye aghalabu yuko mbali, na mpangaji huhesabu miezi tu; bali maji yaulayo ukuta huo hupita mbele ya milango yote.

Vuli moja nilimwona mzee mmoja wa Same akiukinga msingi wake kwa magunia ya mchanga, kwa ustadi mkubwa. Maji yakageukia kwa jirani, na kulipopambazuka jirani naye alikuwa akitafuta magunia.