Rimoti ya gari ikigoma, anza na betri kabla ya kumwita fundi

DEREVA anayerejea kwenye maegesho jioni, akabonyeza rimoti mara moja, mara mbili, na gari likakaa kimya, kwa kawaida huwaza mambo mawili: ama gari limeharibika, ama ufunguo umekufa na utamgharimu fedha nyingi kutengenezewa mwingine. Mara nyingi si hilo wala lile. Kilichokwisha ni betri ndogo ya duara, yenye umbo la sarafu, inayouzwa katika maduka ya saa na ya vifaa vya umeme, ambayo mtu yeyote mwenye subira anaweza kuibadilisha kwa dakika chache.

Tatizo hili huwasumbua zaidi wakazi wa miji ya Afrika Mashariki kwa sababu magari mengi ya hapa yalitumika kwanza nchini Japani ndipo yakapakuliwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Si ajabu gari la namna hiyo kufika likiwa na ufunguo mmoja tu, na kitabu cha maelekezo kikiwa cha Kijapani. Ufunguo huo ukigoma, mwenye gari hana wa akiba wa kulinganisha nao, wala maelekezo anayoweza kuyasoma. Hapo ndipo wengi hulipia matengenezo ambayo hayakuhitajika.

Ufunguo mmoja, kazi tatu

Ndani ya ufunguo wa kisasa mna vitu vitatu, na kila kimoja hufanya kazi kivyake. Cha kwanza ni ulimi wa chuma unaofungua kitasa. Cha pili ni rimoti yenyewe, yaani kifaa kinachorusha mawimbi ya redio ili milango ifunguke au ijifunge. Cha tatu ni chipu inayolitambulisha gari kwamba ufunguo huu ndio wake. Bila ya chipu hiyo, mfumo wa kuzuia wizi unaoitwa imobilaiza hauruhusu injini iwake.

Jambo ambalo madereva wengi hawalijui ni kwamba kati ya vitu hivyo vitatu, ni rimoti peke yake inayohitaji betri. Chipu haina betri. Hupata umeme kidogo kutoka kwenye koili iliyozunguka swichi ya kuwashia gari, ufunguo unapokuwa karibu. Kwa hiyo, gari linalowashwa kwa kuzungusha ufunguo litafunguka kwa ulimi wa chuma na litawaka kama kawaida hata betri ya rimoti ikiwa imekufa kabisa. Fundi anayedai kwamba gari haliwaki kwa sababu betri ya rimoti ya ufunguo kama huo imekwisha, aulizwe maswali zaidi.

Dalili za betri inayokwisha

Betri hizi hazifi ghafla. Dalili ya kwanza ni umbali kupungua: rimoti iliyokuwa ikifungua gari ukiwa ng'ambo ya barabara, sasa hutaka uwe umefika mlangoni. Baadaye hulazimu kubonyeza mara mbili au tatu. Kama rimoti ina taa ndogo, mwanga wake hufifia au huacha kuonekana. Magari kadhaa ya kuwashwa kwa kitufe huonyesha pia onyo kwenye dashibodi.

Funguo za magari ya kitufe humaliza betri mapema kuliko rimoti za kawaida. Sababu ni kwamba rimoti ya kawaida hulala mpaka ibonyezwe, ilhali ufunguo wa gari la kitufe husikiliza mawimbi wakati wote ukingoja kuitwa na gari. Toyota hutaja mwaka mmoja hadi miwili kuwa ndio muda wa kawaida wa betri ya ufunguo wa aina hiyo, na huonya kwamba kuuweka karibu na televisheni, kompyuta au simu inayochajiwa huweza kuimaliza mapema zaidi. Aidha, kuutundika ufunguo ukutani hatua chache kutoka gari lilipoegeshwa hufanya viwili hivyo viitane usiku kucha.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba tatizo si betri kubwa ya gari. Fungua mlango kwa ulimi wa chuma, kisha tazama taa za ndani na upige honi. Kama taa ni hafifu au hazipo kabisa, rimoti haina kosa. Ni gari lisilo na umeme wa kuisikiliza. Kama una ufunguo wa pili, ujaribu. Ukifanya kazi, kasoro iko kwenye ufunguo wa kwanza. Funguo zote mbili zikigoma kwa pamoja, kasoro huenda iko kwenye gari au mahali ulipoegesha.

Soma namba kabla ya kwenda dukani

Betri za rimoti hutambulishwa kwa herufi na tarakimu zilizochongwa juu yake, na tarakimu hizo ni vipimo. CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. CR2025 ina upana uleule lakini unene wa milimita 2.5, na CR2016 ni nyembamba zaidi, milimita 1.6. CR1632 ina upana wa milimita 16 na unene wa milimita 3.2. Zote ni za volti tatu.

Kwa kuwa volti ni zilezile, wapo wauzaji watakaokwambia kwamba zote ni sawa. Si kweli. Betri nyembamba ikiwekwa mahali pa nene hucheza, na rimoti itafanya kazi leo na kugoma kesho. Vilevile epuka betri za kuchajiwa za umbo hilohilo, ambazo huandikwa LIR badala ya CR, kwani volti zake ni kubwa kuliko zile ambazo rimoti ilitengenezewa. Baadhi ya funguo hutumia betri mbili kwa pamoja. Hizo zibadilishwe zote kwa wakati mmoja. Nunua betri iliyo ndani ya pakiti yake na uangalie tarehe ya mwisho wa matumizi.

Mwenye mita ya umeme anaweza kuipima. Betri mpya husoma volti tatu au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya volti 2.8, haifai kutegemewa, ingawa huenda bado ikawasha saa ya ukutani.

Namna ya kubadilisha

Fanya kazi hii juu ya meza yenye mwanga, mikono ikiwa mikavu. Kama ufunguo ni wa gari la kitufe, sogeza kilimi kidogo kilicho pembeni na uchomoe ufunguo wa chuma uliofichwa ndani. Mara nyingi nafasi unayoiacha ndiyo mahali pa kuanzia kufungulia. Funguo nyingine zina skrubu ndogo nyuma, na nyingine zina ufa mwembamba tu unaozunguka kava.

Chukua bisibisi bapa nyembamba, uizungushie kitambaa au utepe ili isikwaruze plastiki, kisha uzungushe taratibu mpaka nusu mbili ziachane. Usitumie nguvu. Kava likiachia, tazama kwanza kabla ya kutoa chochote: upande wenye alama ya kujumlisha umeelekea juu au chini? Kupiga picha kwa simu katika hatua hii huondoa mabishano ya baadaye.

Toa betri kuukuu kwa kitu kisicho cha chuma, bila ya kupinda vibano vinavyoishikilia. Futa betri mpya kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa jasho na mafuta ya vidole huzuia umeme kupita vizuri. Usiishike kwa koleo la chuma pande zote mbili kwa pamoja, maana utaifupisha na kuipunguzia nguvu. Iweke, rudisha mpira wa kuzuia maji mahali pake, bana kava mpaka usikie mlio, kisha jaribu.

Kwa magari mengi, kubadilisha betri hakufuti kumbukumbu ya ufunguo. Anayekutoza fedha za kusajili upya ufunguo kwa sababu tu betri imebadilishwa, mwombe kwanza ajaribu kama gari linaitikia.

Gari la kitufe lisipouona ufunguo

Madereva wa magari ya kitufe ndio hubabaika zaidi, kwa kuwa hawaoni tundu la ufunguo popote. Tundu la mlango lipo, ila katika baadhi ya magari limefunikwa kwa kifuniko kidogo cha plastiki kwenye kitasa cha dereva. Fungua kwa ule ufunguo wa chuma uliofichwa. Huenda king'ora kikalia. Kwa kawaida hunyamaza gari likishautambua ufunguo.

Ndani, katika Toyota nyingi, kanyaga breki kisha gusisha upande wa ufunguo wenye nembo kwenye kitufe cha kuwashia. Ukisikia mlio, bonyeza kitufe bila kuchelewa. Magari mengi ya Nissan nayo hugusishwa ufunguo kwenye kitufe. Katika BMW kuna alama kwenye nguzo ya usukani inayoonyesha mahali pa kuuweka, na baadhi ya magari mengine yana tundu maalumu la kuuchomeka. Njia hizi zote hutumia chipu isiyohitaji betri. Ni vyema kuijua ya gari lako mapema, ukiwa nyumbani, kuliko kuitafuta usiku barabarani.

Betri ni mpya, shida ni ileile

Kama rimoti bado imegoma, fungua tena na uangalie kama betri imegeuzwa. Kisha tazama vibano: vikiwa vimelegea au vina kutu, visafishe kwa pamba yenye spiriti na kuviinua kidogo sana. Baadhi ya betri hupakwa dawa chungu ili mtoto azitema, na dawa hiyo huweza kuzuia umeme kwenye vifaa fulani. Jaribu betri ya aina nyingine.

Rimoti iliyoanguka mara nyingi huenda ina kitufe kilichoachia risasi kwenye sakiti, kasoro ambayo fundi wa simu mwenye mkono mwepesi anaweza kuichomelea. Iliyofuliwa pamoja na suruali itolewe betri mara moja, ifunguliwe, isafishwe kwa spiriti na kuachwa kivulini mpaka ikauke kabisa.

Ipo pia kasoro ya hesabu kupishana. Kila unapobonyeza, rimoti hutuma msimbo mpya, nalo gari hukubali msimbo huo au mojawapo ya ile inayoufuata kwa karibu. Mtoto akiichezea rimoti kwa muda mrefu mbali na gari, msimbo huenda mbele kupita kiasi na gari huikataa. Hapo ndipo usajili upya huhitajika kweli, na utaratibu wake hutofautiana kwa kila aina ya gari.

Wanaobadilisha kava lililopasuka wawe waangalifu zaidi. Katika baadhi ya funguo, chipu ni kipande kidogo kilichobandikwa ndani ya plastiki, mbali na sakiti. Kava kuukuu likitupwa pamoja na chipu, rimoti itafungua milango lakini injini haitawaka. Usikubali kava kuukuu libaki kwa fundi kabla hujawasha gari.

Kwa wanaonunua rimoti nyingine, mawimbi nayo ni ya kuangaliwa. Rimoti za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya kwa kawaida hutumia megahezi 433.92, ilhali za Japani hukaribia megahezi 315. Mbili zinazofanana kwa sura zinaweza zisielewane kamwe na gari moja.

Rimoti ikigoma mahali pamoja tu

Rimoti inayogoma katika maegesho fulani na kufanya kazi kwingine haina kasoro. Minara ya redio na televisheni, pamoja na mitambo mikubwa ya umeme, huweza kuyameza mawimbi yake. Hata hivyo, wezi nao hutumia vifaa vya kuzuia mawimbi: dereva hubonyeza kufunga akiondoka, gari halifungi, naye hajui. Nchini Afrika Kusini polisi wamewaonya madereva mara kwa mara kuhusu mbinu hiyo. Kinga yake haina gharama: vuta kitasa kabla ya kuondoka.

Betri kuukuu si mchezo wa mtoto

Lililo zito kuliko yote huja baada ya kazi kumalizika, pale betri kuukuu inapoachwa mezani. Betri ya upana wa milimita 20 ikimezwa na mtoto mdogo huweza kukwama kwenye umio, yaani njia ya chakula. Ikigusana na ute wa mwili hupitisha umeme na kutengeneza kemikali kali inayounguza nyama. Madhara makubwa huweza kutokea ndani ya muda wa saa mbili tu. Betri iliyoshindwa kuendesha rimoti bado ina nguvu ya kutosha kufanya hivyo. Ni kwa sababu hiyo Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022 inayotaka vifaa vya nyumbani vyenye betri hizi vifungwe kwa namna ambayo mtoto hawezi kuifikia betri.

Ukishuku kwamba mtoto amemeza, usisubiri dalili na usimtapishe. Mkimbize hospitali yenye mashine ya eksirei, na uchukue pakiti ya betri. Mweleze daktari waziwazi kwamba ni betri, kwa kuwa kwenye picha huweza kudhaniwa kuwa sarafu, na sarafu haina haraka kama betri.

Betri kuukuu izungushiwe utepe pande zote mbili, iwekwe mbali na watoto na isitupwe motoni. Rimoti yenye kava lililolegea nayo isipewe mtoto kuchezea, hata kama ndiyo inayomnyamazisha.

Kwa ufupi, rimoti ikigoma, fuata mpangilio: taa za gari kwanza, betri ya rimoti pili, mahali ulipoegesha tatu, na fundi mwisho. Na kama gari lako lina ufunguo mmoja, tengeneza wa pili ukiwa bado na huo wa kwanza mkononi. Ukishapotea, kazi ya kuanza upya huwa ngumu na ghali zaidi.