Mwenye Ukuta na Mwenye Macho

Mafundi waliingia na nyundo usiku wa Jumamosi, Februari 10, 1934. Kulipokucha, mchoro wa Diego Rivera, wenye ukubwa wa takriban mita za mraba 99, ulikuwa kifusi sakafuni katika ukumbi wa jengo la RCA, Rockefeller Center, New York. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ukuta ulikuwa na mwenyewe, na msanii alikwisha kulipwa dola zake 21,000 zote.

Familia ya Rockefeller, matajiri waliotokana na mafuta, ilimwajiri Rivera, mkomunisti kutoka Mexico, apambe ngome yao ya biashara. Walitarajia nini? Mchoro uliitwa Mtu Kwenye Njia Panda, na kazi ilipokuwa ikiendelea, Rivera akamweka humo Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, akishikana mikono na wafanyakazi. Mei 4, 1933, Nelson Rockefeller, kijana wa miaka 24, alimwandikia barua ya adabu akiomba sura hiyo ibadilishwe, iwekwe ya mtu asiyejulikana. Rivera alijibu kwamba angeweza kumwongeza Abraham Lincoln, ila Lenin hatoki. Kuliko kazi yake ichezewe, alisema, afadhali iharibiwe yote. Mei 9 akaitwa ashuke kutoka kwenye jukwaa la kazi, akakabidhiwa hundi, na ukuta ukafunikwa turubai.

Jibu hilo ndilo linaloitia kesi hii ugumu. Mwenye mali hakuutaka mchoro jinsi ulivyokuwa, na msanii naye alikuwa radhi ufe kuliko ubadilishwe. Upande wa tatu, yaani watu ambao wangepita ukumbini hapo kwa miaka mia, haukuulizwa. Walioandamana mitaani kumtetea Rivera hawakuwa na mlango wa mahakama wa kubisha.

Kilichobaki kilitokana na ujanja. Msaidizi wake, Lucienne Bloch, aliingiza kamera kwa kificho na kuupiga picha mchoro kabla haujafichwa. Kwa msaada wa picha hizo Rivera aliuchora upya mwaka 1934 katika jumba la Bellas Artes, Mexico City, na humo akamtia John D. Rockefeller Mdogo, baba yake Nelson na mtu asiyegusa pombe maishani mwake, akiwa na glasi mkononi, na vijidudu vya kaswende vikielea juu. Kisasi cha brashi hakina rufaa.

Uingereza nayo ina kidonda chake. Mwaka 1954 Bunge lilimzawadia Winston Churchill picha yake iliyochorwa na Graham Sutherland, kwa kutimiza miaka 80. Hakuipenda hata kidogo. Ikaharibiwa kimyakimya kwa ridhaa ya mkewe, Clementine, na umma ukaja kujua mwaka 1978, baada ya bibi huyo kufariki.

Mjapani Ryoei Saito alitikisa dunia zaidi. Mwaka 1990 alinunua picha ya Daktari Gachet ya Vincent van Gogh kwa dola milioni 82.5, kisha akatamka kwamba akifa ichomwe pamoja naye. Baadaye alidai ulikuwa mzaha. Alifariki mwaka 1996, picha ikanusurika, lakini tangu mnada ule haijaonyeshwa hadharani.

Sheria imesogea, ila kwa upande mmoja. Mwaka huohuo wa 1990 Marekani ilipitisha sheria inayomtaka mwenye jengo ampe msanii notisi ya siku 90 ikiwa mchoro unaweza kuondolewa bila kuharibika. Mmiliki wa majengo ya 5Pointz, Queens, alipaka rangi nyeupe juu ya michoro ya ukutani mwaka 2013. Mwaka 2018, kwa sheria hiyo, jaji akaamuru wasanii 21 walipwe dola milioni 6.75. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001 nazo zinamlinda msanii dhidi ya kazi yake kupotoshwa. Zote hizo ni haki za mchoraji. Mtazamaji hana fungu.

Kumlazimisha tajiri afungue sebule yake kwa wapita njia ni kupita kiasi. Aliyenunua ana haki ya kufunga mlango. Kuteketeza ni jambo jingine. Zile siku 90 zingefaa zitolewe pia kwa makumbusho ya taifa, yapate nafasi ya kununua, kuhamisha, au walau kupiga picha kabla nyundo haijainuliwa.