Rayners Lane: Nani atatunza kumbukumbu za waliotoka Afrika Mashariki?

Makumbusho ya manispaa ya Harrow, kaskazini magharibi mwa London, yanahifadhi historia ya watu wa kawaida kwa ramani, picha na nyaraka. Lakini sehemu ya historia hiyo, ile iliyoanzia Nairobi, Kampala na Zanzibar, ingali ndani ya masanduku ya familia.

Rayners Lane ni mtaa ulioletwa na reli. Kituo kidogo cha treni kilipofunguliwa hapo mwaka 1906, pande zote zilikuwa mashamba. Katika miaka ya 1930 kampuni za ujenzi zilijenga nyumba kwa kasi na kuziuzia familia za wafanyakazi wa mjini. Mwaka 1930 kituo hicho kilihudumia abiria 22,000. Mwaka 1937 idadi hiyo ilikuwa imefikia milioni nne.

Habari za namna hiyo hujulikana leo kwa sababu kuna aliyeziandika na kuna aliyezitunza. Kwa Harrow, mtunzaji mmojawapo ni makumbusho ya Headstone Manor, yaliyo kilomita chache kutoka Rayners Lane. Jengo lake kuu, linalozungukwa na handaki la maji, ni la mwaka 1310 hivi, na lilikuwa mali ya Maaskofu Wakuu wa Canterbury hadi lilipotwaliwa na Mfalme Henry wa Nane mwaka 1546. Makumbusho hayo yalifunguliwa upya mwaka 2017 baada ya ukarabati mkubwa. Humo kuna vyombo vya kioo vya Whitefriars, kiwanda kilichohamia Harrow mwaka 1923 na kufungwa mwaka 1980, pamoja na kumbukumbu za kiwanda cha Kodak kilichoanza kazi mwaka 1891.

Waliofika na sanduku

Wakazi wapya walianza kufika kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1960. Sheria za Kenya za mwaka 1967 ziliwabana wasio raia katika kazi na biashara, na Waasia wengi wenye pasi za Uingereza wakaondoka. Serikali ya London ilijibu kwa sheria ya mwezi Machi 1968 iliyowawekea vizuizi watu hao hao waliokuwa na pasi zake.

Kisha, Agosti 1972, Rais Idi Amin wa Uganda aliwapa Waasia siku 90 wawe wamekwisha kuondoka. Uingereza iliwapokea takriban 28,000. Waliruhusiwa kutoka na fedha kidogo tu. Maduka, nyumba na mashamba vilibaki nyuma. Wengi walipitia kambi 16 za muda kabla ya kutafuta makazi, na baadhi yao waliwafuata jamaa zao Harrow na katika manispaa jirani ya Brent. Sensa ya mwaka 2011 ilionyesha kuwa Kenya ni miongoni mwa nchi walikozaliwa wakazi wengi wa Harrow waliotoka nje ya Uingereza.

Hata majengo ya Rayners Lane yana habari hiyo. Sinema iliyojengwa hapo mwaka 1936 sasa ni kituo cha Wazoroastria. Waparsi, ambao ni wafuasi wa dini hiyo waliotoka India, waliishi pia Zanzibar. Huko ndiko alikozaliwa mwaka 1946 Farrokh Bulsara, aliyekuja kujulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury. Familia yake ilihamia London baada ya mapinduzi ya mwaka 1964.

Faili la serikali na barua ya mama

Majalada ya serikali kuhusu kuwapokea watu wa Uganda yamo katika Hifadhi ya Taifa huko Kew. Majalada hayo yanaeleza kambi zilivyoendeshwa na watu walivyogawanywa katika miji. Hayawezi kueleza duka la Jinja lilikuwa likiuza nini, wala ni lugha zipi zilizungumzwa jikoni. Mambo hayo yamo katika barua, vyeti vya shule, daftari za duka na picha zilizopigwa studio.

Ipo mifano ya kazi iliyofanyika. Nchini Kanada, Chuo Kikuu cha Carleton kinakusanya nyaraka na masimulizi ya waliofukuzwa Uganda. Huko Brent, mwaka 2016 makumbusho ya manispaa yaliandaa maonyesho kuhusu mgomo wa Grunwick wa mwaka 1976 hadi 1978, katika kiwanda cha kusafisha picha. Wagomaji wengi walikuwa wanawake wa Kiasia kutoka Afrika Mashariki, na kiongozi wao, Jayaben Desai, alikuwa ameishi Tanzania. Mgomo huo haukushinda, lakini kumbukumbu zake zimeshinda usahaulifu.

Nyaraka zisipopata mwenyewe karibu, huhama. Makumbusho ya Kodak ya Harrow yalifungwa katika miaka ya 1980 na vitu vyake vikapelekwa Bradford. Mwaka 2009 nyaraka za kampuni zikakabidhiwa Maktaba ya Uingereza. Hizo angalau zinajulikana ziliko. Mwaka 2011 ilibainika kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imeficha huko Hanslope Park majalada yapatayo 8,800 ya makoloni yake 37 ya zamani. Majalada ya Kenya yaliwasaidia wazee walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau, na mwaka 2013 serikali ikakubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Mtu aliyefika London mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka 30 sasa amepita miaka 80. Anapofariki, wajukuu wasiojua Kigujarati wala Kiswahili hubaki na picha ya watu wasiowatambua, mbele ya duka wasilolijua. Jumba la makumbusho linaweza kuikinga picha hiyo na unyevu kwa miaka 100. Majina ya waliomo ni lazima yaandikwe angali yupo anayeyakumbuka.