Samli ya Bibi na Viti vya Gari: Historia Fupi ya Kutunza Ngozi Rwanda

Mwezi Julai mwaka jana nilimwaibisha mjomba wangu. Ana teksi yenye viti vya ngozi, na alikuwa amekodiwa kubeba wageni wa harusi hapa Kigali. Siku moja kabla ya harusi aliniachia kazi ya kuisafisha. Viti vilikuwa vimeanza kukakamaa na kupata nyufa ndogondogo. Nikakumbuka jinsi bibi anavyotunza ingobyi yake, ile ngozi ya kondoo aliyobebea watoto wake mgongoni: huipaka samli, huisugua kwa kiganja, kisha huitandaza kivulini. Nami nikavipaka viti samli. Usiku ule viling'aa. Kesho yake jua lilipowaka, samli ikayeyuka na kushika vumbi, na shangazi wa bibi harusi akashuka na doa la kahawia kwenye umushanana wake mweupe. Mjomba alirudisha nauli yote. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mambo ya mama ni ya zamani."

Maneno hayo yaliniuma kuliko doa lenyewe. Je, bibi alikuwa amekosea miaka yote hiyo? Kwa kuwa nasoma historia, niliamua kulitafuta jibu huko.

Kabla vitambaa havijaenea nchini, Wanyarwanda walivaa ngozi pamoja na impuzu, yaani nguo za magome ya miti yaliyopondwa. Wanawake walivaa inkanda, vazi la ngozi lililofungwa kiunoni. Ngozi mbichi ilikwanguliwa nyama na mafuta, ikawambwa juani hadi ikauke, kisha ikalainishwa kwa mikono na kwa siagi iliyotokana na maziwa yaliyosukwasukwa ndani ya kibuyu kiitwacho igisabo. Siagi hiyo haikuwa pambo. Ngozi ni nyuzinyuzi nyingi zilizosukana. Zikikauka hugandana na kuwa ngumu kama ubao. Mafuta yakipenya katikati yake, nyuzi huteleza na ngozi hukunjika bila kupasuka. Bila mafuta hayo, mtoto asingeweza kulala kwenye ingobyi.

Halafu yakaja mabadiliko. Mwaka 1907 Mjerumani Richard Kandt alianzisha kituo cha utawala hapa Kigali. Wafanyabiashara Wahindi, Waarabu na Waswahili wakafungua maduka. Miongoni mwa bidhaa kuu walizonunua zilikuwa ngozi za mifugo, zikiwa zimekaushwa tu. Wapagazi walizibeba hadi Bukoba, kwenye Ziwa Victoria, zikavuka kwa meli hadi Kisumu, ambako reli ya kwenda Mombasa ilikuwa imefika tangu mwaka 1901. Kwa njia hiyohiyo vikaja vitambaa. Kwa maneno mengine, ngozi zilitoka na nguo zikaingia. Kadiri watu walivyozidi kuvaa vitambaa, ndivyo kazi ya kulainisha ngozi ilivyopungua majumbani. Katika familia yetu ilibaki kwenye ingobyi peke yake, na ndiyo maana mimi niliifahamu.

Wakati huohuo, ng'ambo, ngozi yenyewe ilikuwa inabadilika. Mwaka 1884 Augustus Schultz wa New York alipata hataza ya kusindika ngozi kwa chumvi za kromiamu. Kazi iliyochukua wiki au miezi kwa magome ya miti ikaweza kufanyika kwa siku chache. Ngozi nyingi za viti vya magari husindikwa hivyo hadi leo. Mafuta hutiwa kiwandani, kisha ngozi hupakwa rangi na kufunikwa kwa utando mwembamba unaofanana na plastiki. Hapo ndipo nilipokosea. Mafuta yalikwisha kuwekwa ndani na mlango ukafungwa. Samli yangu haikuwa na pa kupenya, ikabaki juu kusubiri vumbi na nguo za watu.

Nyufa nilizoziona hazikuwa kiu ya mafuta. Utando wa juu ulikuwa umechoka kwa jasho, kwa jua kali la mji huu ulio takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa vumbi letu jekundu ambalo husugua kiti kama msasa kila abiria anapokaa.

Kwa hiyo nilianza upya. Kwanza nilidondosha tone la maji mahali pasipoonekana. Tone likinywewa, ngozi iko wazi. Likibaki juu, ina utando. Lilibaki. Nikaondoa vumbi kwa brashi laini, hasa kwenye mishono. Nikachovya kitambaa katika maji yenye sabuni kidogo isiyo kali, nikakikamua sana, nikafuta sehemu ndogondogo, nikapitisha kitambaa chenye maji matupu, kisha nikakausha kwa kitambaa kingine. Ilibidi nirudie mara tatu mpaka samli iishe. Mwisho nilipaka kiasi kidogo cha dawa ya kulinda ngozi za magari, ile isiyoacha mafuta juu. Siku hizi mjomba huegesha kivulini na kuziba kioo cha mbele jua linapokuwa kali. Nyufa hazikufutika, lakini haziongezeki.

Likizo iliyofuata nilimsimulia bibi yote. Alicheka, kisha akauliza, "Hiyo ngozi ya gari, uliuliza ilitengenezwaje?" Sikuwa nimeuliza. Yeye aliijua ngozi yake tangu kondoo akiwa hai. Kivuli, mkono mwepesi na kuwahi kabla ngozi haijapasuka, hayo yote aliyonifunza yanafaa hata kwenye teksi. Nilichoiga mimi ni samli tu.

Nilimpelekea mjomba jibu hilo. Mambo ya mama yake si ya zamani. Mimi ndiye niliyeyapeleka mahali pasipo pake. Kuuliza si ujinga.